Tusidanganyane: muguka wa kibaruani si wa starehe, ni wa kumeza matusi

kontena_arobaini:

Wadau wa Mombasa na pembeni zake, salamu. Kila mada ya muguka, yale majani ya kulevya ya jamii ya miraa, ikija watu wanagawanyika pande mbili, hawa ati vijana wa Pwani wavivu wanatafuna majani kutwa nzima barazani, wale ati ni zao halali la wakulima wa Embu waacheni watu na biashara zao. Tangu ile Mei 2024 gavana wetu wa Mombasa, Nassir, alivyopiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, halafu mahakama ya Embu ikasimamisha na Rais akasema marufuku yenyewe hayana nguvu kwa sababu muguka umo kwenye sheria ya mimea ya 2013, kelele ni zilezile mpaka leo. Sijamsikia hata mmoja akiuliza huyo anayetafuna anafanya kazi gani.

Mie ni mpakuzi wa mizigo Shimanzi, godauni la nani tuliache. Kontena ya futi 40 ikija na mifuko ya kilo 50 ni kama tani 26, piga hesabu, hiyo ni mifuko 520, hakuna mashine, ni migongo yetu. Na nawaambia ukweli, mzigo haunishindi. Mwili unazoea, wiki ya kwanza unalia usiku, ya tatu ushakuwa kawaida.

Kinachonishinda ni saa kumi na mbili asubuhi pale getini. Tunasimama wanaume kama arobaini, nyapara anatoka na kahawa yake mkononi, anatembea mbele yetu polepole, anashika huyu bega, yule anamwambia geuka nione mgongo, wewe, wewe, yule mwenye fulana imetoboka, wewe mzee ondoka hapa utanifia. Na huyo anayeambiwa utanifia ana wajukuu. Akiwa na siku mbaya anataja mama za watu. Ukijibu leo hufanyi kazi, na kesho hufanyi, na keshokutwa atajifanya hakuoni. Kwa hiyo unacheka. Watu arobaini wazima wanacheka wakitukanwa.

Sasa pale ndipo muguka unaingia. Ukishaweka shavuni ukapata handasi kidogo, ule mchangamko wake, maneno yanapita kando, unayasikia lakini hayana mwenyewe. Na anayeuza pale getini ni ndugu yake nyapara, anakopesha, cha hamsini unachukua viwili unaandikwa daftarini, jioni mnapolipwa unakatwa kwanza halafu unapewa kilichobaki. Usipochukua kabisa unaonekana unajidai, na wanaojidai hawachaguliwi.

Swali langu ni moja tu na naomba mjibu kikweli. Wewe mwenye kazi ya kudharauliwa na hutumii kitu chochote, unamezaje?

chali_wa_tononoka:

Visingizio ndugu. Babangu amezoa taka za manispaa miaka na miaka, watu wakimkimbia kwenye matatu kwa harufu, hakutafuna hakuvuta hakunywa, akatusomesha sote watano. Nyinyi kizazi hiki mnataka mbembelezwe kazini.

kontena_arobaini:

@chali babako Mungu ampe maisha. Lakini alikuwa na pesilipu? Alikuwa na likizo? Akiugua kesho yake kazi yake iko?

chali_wa_tononoka:

Alikuwa nazo. Sasa hiyo inahusu nini na majani?

kontena_arobaini:

Inahusu yote bwana.

soja_wa_lango:

Huu uzi umenigusa wallahi maana mie ndo naingia shifti sasa hivi. Nalinda apatimenti Nyali, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Kuna kijana pale wa darasa la nane sijui la tisa, mtoto kabisa, akija na dereva wao wanapiga honi, nikichelewa kidogo kufungua anashusha kioo ananiita we mbwa umelala. Nina mtoto rika lake. Babake yupo kwenye gari anaangalia simu.

Sasa ukiwa macho makavu usiku mzima hayo unayafikiria, unayarudia, unatunga majibu ambayo huwezi kuyasema, unaweza kufanya jambo baya. Ukitafuna unakuwa na mawazo mengine mengi mengi, unapanga kununua shamba Kwale, unapanga biashara ya kuku, alfajiri inafika shamba lishaota mahindi.

Shida sasa ni asubuhi. Nafika Kisauni chumba cha mabati jua lishapiga, watoto wa jirani wanacheza, na handasi bado iko kichwani, usingizi hakuna. Kwa hivyo napitia mangwe napiga mnazi wa asubuhi ule mtamu, nikikosa pesa ya mnazi namuomba jamaa wa duka la dawa vidonge viwili vya usingizi. Nalala. Saa kumi jioni naamka kichwa kizito mdomo mkavu, natafuna ndo niweze kusimama. Kampuni ina sheria ukikutwa umelala unakatwa siku nzima, ila ukikutwa unatafuna supavaiza anaomba kidogo. Sijui kama naelezea vizuri lakini kwangu si tabia, ni vifaa vya kazi kama tochi na rungu.

mama_mahamri:

Wanangu mie nauza mahamri na mbaazi nje ya magodauni huko huko Shimanzi nyie huwa mwanipita. Yule anayetafuna hali. Zamani kijana akichaguliwa anakuja mbio ananunua mahamri manne na chai, siku hizi ananunua chai tu ya kusukumia majani na ile bablishi ya kuondoa uchungu. Wembamba mpaka mashati yawavaa wao. Na mwenye duka la muguka amejenga nyumba ya mawe, mimi bado natembeza karai.

chali_wa_tononoka:

Na kubanwa choo mama, hilo hawasemi 😂

mama_mahamri:

Mwanangu hilo walisema wake zao huko nyumbani, tena si hilo tu, tuache.

nesi_wa_zamu:

Niko hospitali ya umma, sitaji. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hapo juu kuna kitu kinanitisha.

Ndani ya jani la muguka na la miraa kuna kemikali inaitwa kathinoni, inafanana kazi na amfetamini ila nguvu yake ni ndogo. Jani likikauka inaoza inageuka kitu dhaifu, ndo maana yale magari kutoka Embu na Meru yanakuja kasi ya kuua watu barabarani, hakuna anayenunua la juzi. Ikiingia mwilini moyo unaenda mbio, presha inapanda, njaa inakatika, usingizi unakimbia, mtu anajihisi mkubwa na mwenye maneno. Halafu inaisha. Na ikiisha inakuacha chini ya pale ilipokukuta, hasira za karibu, huzuni ambayo haina sababu, wengine wanaanza kushuku watu. Kwa hiyo @kontena yale matusi uliyoyaweka kando asubuhi hayajaenda popote, yanakurudia jioni ukiwa huna ngao, na wa kuyapokea ni mke na watoto. Hao ndo tunawaona sisi kwenye zamu, mama na mtoto, si nyapara.

Kinachonitisha ni soja. Ndugu yangu, mnazi na vidonge vya usingizi usivichanganye hata siku moja, vyote viwili vinapunguza pumzi, mtu analala anasahau kupumua. Si hadithi. Na hao wa maduka ya dawa wanaokupa bila karatasi ya daktari wanajua wanachofanya. Ukitaka kupunguza anza na vidonge, lakini kama umevimeza kila siku muda mrefu usikate ghafla, njoo hospitali tukushushe taratibu, na vivyo hivyo kwa mtu anayekunywa pombe kila siku asubuhi, mikono ikitetemeka bila pombe hiyo ni dalili, akikata ghafla anaweza kupata degedege. Muguka wenyewe ukiuacha haukuui, utalala sana siku kadhaa, ndoto mbaya, huna raha, halafu inapita. NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure 1192, unaongea bila kutaja jina.

soja_wa_lango:

Asante dada nesi. Hii ya pumzi sikuwahi kuambiwa. Nimetupa vile vya leo, nilikuwa navyo mfukoni.

mpanga_vitanda:

Kaka zangu mnaongea kama wanawake hatupo. Mie niko hoteli ya ufukweni, upande wa vyumba. Vyumba kumi na sita kwa siku peke yangu, msimu ukiwa mzuri hata ishirini. Hamjui mtu anaweza kuacha nini kitandani mwa watu akijua kuna mwingine wa kuondoa. Na bado umpe tabasamu kwenye varanda, jambo.

Kuna mgeni aliniita chumbani ati taulo zimeisha, nimefika kafungua mlango hana kitu mwilini, anacheka. Nikaenda kusema kwa mkubwa wetu wa vyumba, mwanamke mwenzangu, akaniambia mgeni ni mgeni, kesho anaondoka. Siku ile nilianza kunywa mabaki. Wageni wanaacha chupa nusu, mvinyo, jini, sheria ya hoteli inasema mwaga. Mimi namimina kwenye chupa ya soda naiweka chini ya mashuka kwenye toroli. Chumba cha tisa cha kumi hivi nishakuwa sawa, naimba.

Mwanamume akitafuna barazani anaitwa kijana wa mtaa, ana maskani yake, wenzake wanamcheka wanamkopesha. Mimi nikinuka pombe kidogo tu kwenye basi la wafanyakazi jina langu litakuwa malaya kabla hatujafika Mtwapa. Kwa hiyo natafuna karafuu. Hata nyumbani hawajui. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna anayenijua.

mama_mahamri:

Pole sana mwanangu. Pole tena na tena.

wakili_wa_mtaani:

Dada mpanga_vitanda, sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 6, unyanyasaji wa kingono kazini ni kosa, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi inayosema malalamiko yanapelekwa kwa nani. Uliza hiyo sera kwa maandishi. Hapo hapo watajua umeshauriwa. Na chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, kina watu Mombasa, usiende peke yako nenda na mwenzako. Ila nikuonye na upande wa pili, kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumfukuza mtu papo hapo akilewa kazini akashindwa kazi. Hata hivyo kifungu cha 41 kinasema lazima asikilizwe kwanza, mbele ya mwenzake anayemchagua yeye au mtu wa chama. Wanakiuka hicho kila siku. Chupa kwenye toroli ni zawadi unayowapa wao, siku utakayolalamika kuhusu mgeni wataitoa hiyo chupa kwanza. Sikuhukumu, nakwambia watakavyocheza.

Kontena na wewe. Kibarua anayefanya kazi mfululizo ambazo siku zake zikijumlishwa hazipungui mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu si kibarua tena, anastahili masharti ya wa kulipwa kwa mwezi. Ndo maana wanakuchagua na kukuruka, siku hizi mbili unaambiwa pumzika. Na deni la muguka kukatwa kwenye ujira halimo kwenye orodha ya makato yanayoruhusiwa. Kuna kichekesho humo humo, kifungu cha 17 kinakataza kumlipa mtu mshahara mahali pombe inapouzwa, waliotunga walijua kabisa pesa ya mfanyakazi inavyorudi kwa tajiri kupitia chupa. Ila muguka hawakuutaja.

mzee_kilindini:

Vijana hamjambo. Mimi nimestaafu bandarini, soma taratibu maana naandika kwa kidole kimoja.

Huko kusimama getini kuchaguliwa hakukuanza na nyapara wenu. Baba yangu alichaguliwa hivyohivyo enzi za Mwingereza. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima, bandari, reli, hoteli, mpaka maboi wa majumbani, karibu wiki mbili, na mikutano ilikuwa Majengo kwenye uwanja wakauita Kiwanja cha Maskini. Ndipo Chege Kibachia akajulikana. Walimkamata mwaka uleule wakampeleka Baringo. Watu wanakumbuka mshahara, lakini baba akisimulia alikuwa hasemi sana mshahara, alikuwa anasema walichoka kuitwa boi na mtu mdogo kwao.

Mnazi ulikuwepo, bangi ilikuwepo, sitawadanganya ati wazee wenu walikuwa malaika. Lakini miaka ya hamsini bandarini walianza kuandikisha makuli, mtu akawa na namba, na mimi nilipoingia baadaye nilikuta utaratibu huo. Nyapara hamtukani ovyo mtu mwenye namba, kwa sababu anajua kesho atamkuta palepale. Nyinyi mmerudishwa nyuma ya baba yangu. Halafu mnaambiwa tatizo ni jani.

chali_wa_tononoka:

Shikamoo mzee. Hapo sina jibu. Lakini bado nasema jani linawamaliza.

mzee_kilindini:

Marahaba. Linawamaliza, nani amekataa?

teja_mstaafu:

Mie nimetoka mbali kuliko nyinyi nyote humu, nilikuwa kwenye unga, heroini. Wenye umri wangu mnakumbuka Disemba 2010 unga ulivyokatika Pwani nzima, arosto ya mji mzima, yale mateso ya kukosa dawa mwilini, watu walikuwa wanajidunga chochote.

Kazi yangu ilikuwa mkokoteni wa taka, nyumba kwa nyumba. Nepi, paka aliyeoza, sindano za watu. Harufu inazoeleka. Kisichozoeleka ni mtu kufunga pua akikutazama wewe, si mzigo. Mwanzo tulikuwa tunavuta kijiti cha bangi kabla ya kuanza, baadaye mmoja akaleta kijiti kimenyunyiziwa kitu, na unga bwana ukishavuta hata ukitemewa mate unasema asante. Hakuna dawa ya dharau kama ile, nawaambia ukweli, ndo maana ni hatari. Nikauza mkokoteni wenyewe.

Sasa hivi niko kwenye methadoni, dawa ya kutuachisha unga, Kisauni. Inasaidia, arosto hakuna, nimenenepa. Lakini hakuna anayewaambia hili: ile dawa unaimeza kila siku mbele ya mhudumu, asubuhi, foleni ipo. Na kibarua kinachaguliwa alfajiri. Kwa hiyo chagua, unywe dawa ukose kazi au ukimbilie kazi ukose dawa na mchana uanze kutetemeka juu ya mifuko. Wengi niliokuwa nao wameanguka hapo hapo, si kwamba hawataki kupona. Mie niliponea kwa sababu shemeji ana gereji akaniambia njoo saa nne. Hiyo saa nne ndo iliyonitibu, methadoni ilisaidia.

tajiri_mdogo:

Nimesoma yote kimya kimya, sasa niseme. Mimi ndiye mnayemsema. Nina malori mawili, napakia na kupakua huko huko Shimanzi. Sijawahi kumtukana mtu. Sitawaficha, nikiona vijana wanatafuna nafurahi, kontena inaisha haraka na lori linatoka kabla ya foleni ya Changamwe. Sikuwahi kuuliza zaidi ya hapo, hiyo si kazi yangu. Natoa elfu tisa kwa kontena nampa nyapara, yeye ndiye anawajua watu wake.

kontena_arobaini:

Tajiri rudia. Elfu ngapi?

tajiri_mdogo:

9,000. Ikiwa na mifuko ya kilo 50. Kwani?

kontena_arobaini:

Tunakuwa watu kumi. Kila mtu mia tano. Toa muguka mia, nabaki na mia nne.

soja_wa_lango:

Elfu nne imelala njiani hapo 😳

chali_wa_tononoka:

Toa na hiyo elfu moja ya muguka ya watu kumi inayorudi kwa ndugu yake. Nyapara na familia yake wana elfu tano kwa kontena bila kubeba hata mfuko mmoja. Sasa hasira zangu zimehama kwenye jani, nakiri.

mama_mahamri:

Mimi nilisema ile nyumba ya mawe.

tajiri_mdogo:

Wallahi sikujua, nilidhani mnapata kama mia nane. Mimi kwangu elfu tisa ni elfu tisa, sijali inapita mkono gani mradi mzigo haulowi na hauibiwi. Mkija kikundi mna kiongozi mmoja wa kuongea naye, kitambulisho chake niwe nacho, nalipa kila mtu kwa simu yake. Lakini kazi iishe kwa muda uleule. Mkiniangusha mara ya kwanza narudi kwa nyapara, na siwezi kuwaahidi kila siku, mie malori yangu ni mawili tu.

wakili_wa_mtaani:

Andikishaneni kikundi hata kama mko watano. Na mkubaliane kabla nani akiugua analipwaje, hapo ndo vikundi huvunjika.

nesi_wa_zamu:

Na msianze kwa kukata muguka siku ileile mnaanza kikundi, siku mbili tatu za kwanza mtakuwa wazito mtamwangusha tajiri wa watu. Punguzeni, kuleni asubuhi.

mpanga_vitanda:

Mie sina tajiri wa kuniandikia hapa, lakini nimeuliza ile sera leo. Kwa maandishi. Wamesema wataitafuta.

wakili_wa_mtaani:

Hifadhi nakala ya barua, na tarehe.

kontena_arobaini:

Tajiri, mie na wenzangu sita tuko tayari, watatu hawana simu ya pesa tutatumia ya mmoja. Ila lori lisipitie geti la mbele, nyapara akituona tunapakua bila yeye wale waliobaki ndo watakaolipa. Na elfu tisa ni ya kupakua tu, kupanga juu mpaka darini ni bei nyingine, hilo pia alikuwa anatufanyisha bure.

tajiri_mdogo:

Kupanga nitaongeza elfu moja na nusu. Njoo inboksi.